"YANGU!": JINSI VOLIBOLI INAVYOMFUNDISHA MSICHANA KUSEMA

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nakubaliana nao kwa sababu niliwahi kuwa mwenye kimya hicho, na mshindo wake ulifika hadi ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu. Ndugu msomaji, katika makala haya nataka kueleza jinsi mchezo wa voliboli, yaani mpira wa wavu, unavyoweza kumpa msichana ujasiri alioupoteza au ambao hakuwahi kuwa nao. Sote tumezoea kuandika katika insha kwamba "michezo hujenga mwili na akili". Tunaandika, tunapata alama zetu, kisha tunasahau. Hakuna anayetueleza inajenga vipi. Mimi nitajaribu, na kwa kuwa mfano ninaoujua vizuri zaidi ni wangu mwenyewe, ndio nitakaoutumia.

HALI YANGU KABLA YA MCHEZO

Nilipokuwa kidato cha kwanza, muhula wa pili, baba na mama waliachana. Mama alienda mjini kutafuta kazi. Mimi na ndugu yangu mdogo tukapelekwa kwa nyanya, mamake mama. Sitasimulia ugomvi wao hapa kwani si wa kuandikwa gazetini. Nitataja jambo moja tu lililonitesa: waliacha kuzungumza wao kwa wao, wakawa wanazungumza kupitia kwangu. Simu ya nyanya ikilia, nilijua zamu yangu imefika.

"Mwambie babako pesa za chakula cha shule hazijafika."

"Mwambie mamako nilisema nitatuma mwisho wa mwezi."

"Muulize, mwisho wa mwezi gani?"

Nilikuwa na miaka 14 na nilikuwa nimegeuzwa tarishi. Kinywa changu kilijaa maneno ya wengine hadi yangu yakakosa nafasi.

Shuleni nikanyamaza. Mwalimu akiuliza swali ambalo jibu lake nalijua, nilitazama dawati. Mtu akinitania sikumjibu kwa mdomo, nilimjibu kwa ngumi. Siku moja msichana mmoja alicheka sweta yangu iliyotoboka kwenye kiwiko. Kutahamaki nilikuwa nimempiga mbele ya darasa zima. Baada ya hapo wenzangu waliniogopa, nami nikaona afadhali hivyo.

Kisha nikaanza kutoroka. Sisi wa shule ya kutwa tunaijua njia hiyo: unavaa sare vizuri, unaaga nyumbani, na shuleni hufiki. Mimi nilikuwa nikikaa nyuma ya kisiagi kilicho karibu na soko. Nilipapenda kwa sababu kelele za mashine zilikuwa kubwa kuliko mawazo yangu.

Siku za mwizi ni arubaini. Nikashikwa. Mwalimu wa darasa aliponiuliza sababu nilisimama mbele yake kama gogo. Aliuliza mara tatu. Jasho jembamba lilinitoka lakini neno halikutoka. Nilidhani nitafukuzwa. Badala yake aliniambia kwamba kwa majuma mawili nitakuwa nikimsaidia mwalimu wa michezo kufunga wavu na kuokota mipira kila jioni. Niliona ni aibu kubwa kuwa mwokota mipira. Kumbe nilikuwa nimefunguliwa mlango.

VOLIBOLI NI MCHEZO WA NAMNA GANI?

Ili msomaji anielewe, ni lazima kwanza ajue mchezo wenyewe. Voliboli ilibuniwa mwaka 1895 na Mmarekani aliyeitwa William G. Morgan katika mji wa Holyoke, jimbo la Massachusetts. Iliingizwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1964 mjini Tokyo, na wanawake walicheza tangu mwaka huohuo wa kwanza.

Uwanja wake una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9, na wavu unaugawa katikati. Wavu wa wanawake huwa na kimo cha mita 2.24 na wa wanaume mita 2.43. Kila timu huwa na wachezaji 6 uwanjani. Seti huchezwa hadi pointi 25, na mshindi lazima awe mbele kwa pointi 2. Timu zikiwa sare ya seti 2 kwa 2, seti ya tano huchezwa hadi pointi 15. Huko kwetu uwanja ni wa vumbi, mistari tunaichora kwa jivu na wavu wetu umeshonwa kwa kamba ya katani mahali patatu. Lakini sheria ni zilezile.

Sheria muhimu kwa hoja yangu ni hizi. Huruhusiwi kuudaka mpira na kukaa nao. Timu yako ina miguso 3 tu kabla ya mpira kuvuka wavu. Mchezaji mmoja haruhusiwi kuugusa mara mbili mfululizo, isipokuwa kama mguso wa kwanza ulikuwa wa kuuzuia wavuni. Aidha, timu inapoipokonya nyingine nafasi ya kuanzisha mpira, wachezaji wote 6 huzunguka na kubadilisha nafasi. Kwa hivyo zamu ya kusimama peke yako nyuma ya mstari na kuanzisha mpira, watu wote wakikutazama, itakufikia tu.

Hebu tupige hesabu kidogo. Nusu ya uwanja ni mita 9 kwa 9, yaani mita mraba 81. Gawanya kwa wachezaji 6, utapata mita mraba 13 na nusu kwa kila mtu. Hicho ndicho kipande chako. Katika kandanda mtu anaweza kukimbiakimbia mchezo mzima bila kuugusa mpira na asijulikane. Katika voliboli hakuna pa kujificha. Mpira utakutafuta hapo ulipo.

SOMO LA KWANZA: KUSEMA "YANGU!"

Niliokota mipira siku 6 bila kusema lolote. Siku ya saba mchezaji mmoja alikuwa mgonjwa, na mwalimu wa michezo akanielekeza kwa kidole. "Wewe, ingia hapo nyuma." Niliingia na sketi yangu ya shule.

Mpira wa kwanza ulikuja katikati, kati yangu na nahodha. Mimi nilimtazama, yeye alinitazama, nao mpira ukaanguka puu! kwenye vumbi kati yetu. Mwalimu akapuliza kipenga.

"Nani alikuwa achukue hiyo?"

"Si ni yeye!" nahodha akasema.

"Ulisema?"

"Hapana, mwalimu."

"Na wewe, ulisema?"

Nikatikisa kichwa. Mwalimu akatukusanya akatueleza jambo ambalo sijalisahau. Alisema mpira mwingi hupotea kati ya wachezaji wawili wazuri, si mbele ya mchezaji mmoja mbaya. Kila mmoja anamwachia mwenzake kwa heshima, au wote wawili wanaurukia na kugongana vichwa. Dawa yake ni neno moja. Anayeuchukua apige kelele, "Yangu!", kabla mpira haujashuka. Akishasema, wengine wote wampishe.

Mazoezi yakaendelea. Mpira ukanijia, nikafungua mdomo, sauti ikagoma. Nilichotoa ni kitu kama mtu anayekohoa. Wenzangu wakacheka. Nikakunja ngumi kama kawaida yangu, lakini mpira mwingine ulikuwa tayari unakuja, na ngumi hizo nikalazimika kuziunganisha ili niupokee. Sikupata nafasi ya kupigana na mtu.

Jioni hiyo nyanya alinituma kufukuza ndege katika shamba lake la mtama. Zamani nilikuwa nikiwarushia mawe kimyakimya. Siku hiyo nilisimama katikati ya mtama, nikatazama huku na huku, nikapiga kelele, "Yangu!" Ndege wakaruka wote. Nikarudia, "Yangu! Yangu!" Nyanya akatokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Nini ndiyo yako? Huo mtama ni wangu!"

Nilicheka hadi nikakaa chini. Nyanya naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka katika boma lile.

Sasa nieleze kwa nini neno hilo dogo lina nguvu. Msichana anapolisema anafanya mambo mawili kwa pamoja: anasema yuko hapo, na anakubali kubeba lawama iwapo atakosea. Mtu asiyejiamini hukwepa yote mawili. Lakini uwanjani huna wakati wa kujiuliza kama unastahili. Mpira unashuka, sema au unyamaze. Ukisema mara 30 kila jioni, mdomo unazoea. Baada ya muhula mmoja nilijikuta darasani nimeinua mkono kabla sijaamua kuuinua. Mwalimu wa Kiswahili alishangaa, nami nilishangaa kumzidi.

SOMO LA PILI: KUKOSEA MBELE ZA WATU

Huenda mtu akadhani ujasiri huja kwa kushinda. Mimi naona sivyo. Katika mashindano ya zoni, nikiwa kidato cha pili, tulifika seti ya mwisho tukiwa tumefungana. Wapinzani wakaanzisha mpira, ukaja moja kwa moja kwangu. Nikaita kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Yangu!" Wote wakanipisha. Mpira ukanigonga mkono vibaya, ukaruka ukaenda kuangukia jikoni kwa akina mama waliokuwa wakipika chai. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nahodha akaja, yuleyule aliyekataa mpira siku ya kwanza, akanigusa kiganja na kusema, "Inayofuata." Basi. Hakunikemea wala hakunibembeleza. Wote 5 walinigusa kiganja, kila mmoja na "inayofuata" yake. Hiyo ndiyo desturi ya mchezo huu. Baada ya kila pointi, iwe mmepata au mmepoteza, timu hukutana kwa nukta chache kisha kila mtu hurudi mahali pake. Hapana muda wa kulia, kwa maana mwamuzi ameshapuliza.

Tulishindwa siku hiyo. Hata hivyo nilirudi nyumbani na kitu kipya: nilikuwa nimekosea mbele ya mamia ya watu na sikufa. Ukishajua hivyo, kukosea mbele ya wanafunzi 45 darasani ni jambo dogo.

Mfano mkubwa ni timu yetu ya taifa ya wanawake, Malkia Strikers. Wamekuwa mabingwa wa Afrika mara 10, na ubingwa wao wa kumi waliuchukua mwaka 2023 mjini Yaoundé, Kamerun, walipoishinda Misri katika fainali. Wameiwakilisha Kenya katika Olimpiki mara 4: Sydney mwaka 2000, Athens mwaka 2004, Tokyo katika michezo iliyofanyika mwaka 2021, na Paris mwaka 2024. Katika Olimpiki hizo zote hawakushinda mechi hata moja. Wengine huwacheka kwa hilo. Mimi nawastahi zaidi kwa hilohilo. Walirudi nyumbani bila ushindi, wakafunga raba zao, wakaanza tena, wakatwaa Afrika, wakafuzu tena. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

SOMO LA TATU: KUSEMA "ACHA!"

Hili ndilo lililokuwa gumu kwangu kuliko yote. Mpira unaoelekea nje ya mstari ni pointi yenu, mradi tu hakuna mtu wa upande wenu aliyeugusa. Ukiugusa, hata kwa ncha ya kidole, umeshakuwa wenu, na ukianguka mmepoteza. Kwa hivyo anayeona vizuri hupiga kelele, "Acha!" Mimi nilikuwa siwezi kuacha. Kila mpira niliukimbilia. Mwalimu alikuwa akiniambia, "Si kila mpira ni wako. Jua mstari wako uko wapi."

Likizo ya Agosti mwaka huo baba alikuja kututembelea kwa nyanya. Alileta mkate, sukari na viatu vya ndugu yangu. Zamani akija nilikuwa nikijificha nyuma ya jikoni hadi aondoke. Siku hiyo nilikaa naye chini ya mwembe. Baada ya kuniuliza habari za masomo, akaanza, "Sasa mama," ananiita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mamake, "ukiongea na mamako, mwambie..."

Moyo ulinidunda kama ngoma. Nikasikia kabisa akilini mwangu sauti ya mwalimu. Nikasema, "Baba, naomba usinitume. Nawapenda nyote wawili. Lakini hayo ni yenu. Kama una neno kwa mama, namba yake unayo."

Sikumpazia sauti wala sikumkosea adabu. Alinyamaza kwa muda mrefu akichora ardhi kwa kijiti. Nilidhani atakasirika. Mwishowe akasema, "Sikujua ilikuwa inakulemea." Mama naye nilimwambia vivyo hivyo kwa simu jioni. Alilia kidogo, halafu akaniuliza nimekula nini.

Singependa kumdanganya msomaji. Wazazi wangu hawakurudiana. Hisabati bado inanitoa jasho. Wala pesa za chakula hazifiki kwa wakati kila muhula. Lakini tangu siku hiyo sijapeleka ujumbe wa mtu, na kisiagi nakiona tu ninapopeleka mahindi.

MBONA WASICHANA WENGI HUACHA MICHEZO?

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba vijana wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Mazoezi huimarisha moyo na mifupa, huleta usingizi mzuri na hupunguza wasiwasi na huzuni. Hata hivyo tunapoendelea kukua, wasichana wengi tunakuwa watazamaji. Sababu ni nyingi, nami nitataja nne ambazo tumekutana nazo hapa shuleni.

Kwanza ni hedhi. Wengi wanaogopa kuchafuka mbele za watu, na sodo ni ghali. Sisi katika timu tulikubaliana kuweka sodo 2 au 3 za akiba ndani ya mfuko wa mipira. Anayehitaji anachukua bila kuuliza, akipata anarudisha. Tangu hapo hakuna aliyekosa mazoezi kwa sababu hiyo na akashindwa kusema.

Pili ni mavazi. Kuna wanaoona haya kuvaa kaptura, na kuna ambao dini au desturi ya nyumbani hairuhusu. Suruali ndefu ya michezo inatosha kabisa. Mpira haujui umevaa nini.

Tatu ni giza na kazi za nyumbani. Mwenzetu wa bweni akimaliza mazoezi anaenda kuoga. Sisi wa kutwa tuna kilomita za kutembea, maji ya kuteka na ugali wa kupika. Tulimwomba mwalimu tuanze mara tu baada ya kengele ya mwisho na tumalize kabla ya saa kumi na mbili, na tunaoelekea njia moja tunatembea pamoja. Nyanya mwanzoni alilalamika kwamba mchezo utaniharibu. Nilimwalika aje kutazama. Alikuja na kiti chake, na siku hizi yeye ndiye huniuliza, "Leo hamchezi?"

Nne ni hofu ya kutumiwa vibaya. Mwalimu wetu ni mtu mwadilifu, lakini si kila mahali ni hivyo. Mtu yeyote mzima anayekuambia kwamba nafasi katika timu inalipiwa kwa siri, huyo hataki mchezo. Ukisikia hivyo ondoka, na umwambie mtu mzima mwingine unayemwamini. Ile sauti ya uwanjani inafaa hapa kuliko mahali pengine popote.

TAMATI

Wanafunzi wenzangu, si lazima iwe voliboli. Kuna hoki, mpira wa mikono, riadha na kandanda. Wala mchezo si dawa ya kila kitu. Mwenye huzuni nzito isiyoisha amwendee mwalimu wa ushauri nasaha, asingoje mpira umponye. Ninachosema ni kwamba ujasiri haugawiwi kwa bahati, wengine wakapewa na wengine wakanyimwa. Hufanyiwa mazoezi kila jioni kama vile kupokea mpira, na mikono huuma mwanzoni.

Na walimu wetu wapendwa, nina ombi moja. Mkimpata mwanafunzi mkaidi asiyesema neno, kabla ya kumpa barua ya kumrudisha nyumbani, mpeni kwanza kazi ya kuokota mipira. Huenda naye ana neno lililokwama kooni na hajui pa kulisemea.

Muhula huu kuna wasichana wawili wanaokuja kutufungia wavu. Mmoja hasemi kabisa. Jana mpira ulimfuata hadi aliposimama nje ya mstari, nami nikamsikia akinong'ona, kwa sauti ndogo kama ya mbu, "Yangu." Nikampisha.